Tovuti ya maji kujaa na kupwa Amu (Lamu): miaka mitatu ya matangazo, hesabu zote ziko hapa

#1 mchunga_jedwali

Assalaam alaykum wanabaraza.

Kila nikipita Mkunguni hakosi kijana wa kunishika mkono: "Kaka, ile tovuti yako inakuingizia ngapi?" Nikitaja, haaminiki mtu. Mmoja anadhani naficha nisije nikaombwa, mwingine anadhani nimeshindwa kazi. Basi leo naziweka hapa, atakayeniuliza tena nimtumie uzi huu.

Tovuti ni ndogo. Ina saa za maji kujaa na kupwa, kalenda ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), boti za Mokowe, na kurasa chache za Kiingereza kwa mgeni anayetua Manda hajui boti ya Shela anaipandia wapi. Niliianza kwa ajili ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Aliyewahi kwenda Faza au Siyu anajua: maji yakipwa mle hupiti, unakaa kutazama mikoko hadi yarudi. Watu walikuwa wananipigia simu kuniuliza, nikachoka kujibu, nikaandika.

Mwezi uliopita kurasa za Kiswahili zilifunguliwa mara 41,000. Zikaniletea dola 23 za matangazo.

Kurasa za Kiingereza zilifunguliwa mara 2,900 tu. Zikaniletea dola 21.

Someni tena hapo. Nahodha, wanafunzi, akina mama wanaosubiri mzigo Kizingitini, wote hao na kurudia kwao kila alfajiri, wamewapita wageni wa Kiingereza kwa dola mbili. Katika kazi hii tunapima mapato kwa kila kurasa elfu: upande wa Kiswahili ni kama senti 56, upande wa Kiingereza ni dola 7 na kitu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na habari ya intaneti, lakini hawakukosea.

Niulizeni. Nitajibu nikishatoka kazini, maana kazi bado ninayo. Kwa dola 44 siachi kazi.

#2 fundi_simu_Langoni

Kaka hebu tuambie, nani anapanga hiyo bei? Mimi siku zote nilijua kila mtu akiona tangazo unalipwa kiasi fulani, basi.

#3 mchunga_jedwali

Hakuna bei iliyopangwa, fundi. Ni mnada, na mnada wenyewe ni kila mara ukurasa unapofunguliwa.

Chukua mtu wa Matondoni anayefungua jedwali la maji. Kabla kidole hakijatoka kwenye kioo, taarifa imeshakwenda: simu ya aina gani, nchi gani, lugha gani, ukurasa unahusu nini. Programu za wenye matangazo zinataja bei, ya juu inachukua nafasi, tangazo linatokea. Yote yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Kwa AdSense, huduma ya matangazo ya Google ninayoitumia, tangu 2021 mshindi analipa bei ileile aliyoitaja. Zamani alilipa kidogo tu juu ya yule aliyemfuatia.

Sasa nani anakuja mnadani? Kwenye ukurasa wa "kutoka uwanja wa Manda hadi Shela" wapo wenye ndege, wenye bima ya safari, tovuti za kukodisha vyumba, wote wanamtaka yule msomaji kwa sababu ana kadi mkononi na bado hajalipa chumba. Kwenye jedwali la maji anakuja mmoja, pengine wawili, wameinamisha vichwa. Kiswahili kimo katika lugha wanazozikubali AdSense, kwa hiyo tusisingizie ruhusa. Wanunuzi ndio hawapo.

Na ile dola ya mtangazaji haifiki yote. Akinunua kupitia mtambo wa Google, wao kwa wastani wanakata asilimia 15 upande wa kununua. Zinabaki senti 85. Mwenye tovuti anapewa asilimia 80 ya hizo, yaani senti 68. Mgao huo wa sehemu mbili ulianza 2024. Kabla ya hapo walisema 68 kwa mkupuo. Kwa hiyo ni palepale, wamebadilisha njia ya kuhesabu.

#4 fundi_simu_Langoni

Sasa si ununue watu? Kuna mmoja ananitumia ujumbe kila wiki, anauza wageni elfu kumi kwa dola tano.

#5 mchunga_jedwali

Hao si wageni, ni roboti. Na kabla hujanunua ngoja nikupe kisa changu, maana mimi sikununua hata mmoja na bado niliungua.

Kampuni ya kwanza niliyojiunga nayo, jina siitaji, ilinikubali mwezi wa Shaabani. Furaha ikanizidi nikawaambia watu barazani. Kosa ndilo hilo. Jioni moja natoka msikitini namkuta binamu yangu ameketi na simu, kidole gumba kinakwenda: anabofya tangazo, anarudi, anabofya, anarudi, kama kuku anadonoa mtama. Namuuliza, "Wafanya nini?" Ananijibu kwa uso wa mtu anayetoa sadaka: "Nakusaidia." Kumbe alikuwa ameshawaeleza wenzake, na wote walikuwa wanatumia waifai moja, ya duka la hapo kando.

Wiki mbili hazikufika, akaunti ikafungwa. Dola 61 zilizokuwamo zikarudishwa kwa wenye matangazo. Nilikasirika siku tatu, halafu nikaitazama ile hesabu kwa jicho la mtu mwingine. Simu zilezile kumi na kitu, mtandao mmoja, mibofyo mamia, na hakuna aliyekaa hata sekunde tano kwenye ukurasa wa mtangazaji. Kuna mwenye duka mahali fulani alikuwa analipia kila donoo la binamu yangu. Sikuonewa.

Kwa hiyo: usibofye tangazo lako, usimwambie mtu abofye, usiandike "tusaidieni kubofya hapa". Na mkifungua tovuti msiwaambie ndugu mpaka mwezi wa kwanza upite. Wanaokupenda ndio wa kuogopa.

#6 Malindi_Kwetu

😂😂 Kuku anadonoa mtama.

Mimi niko Malindi. Hapa kwetu Waitaliano wamejaa, nikajisemea bei nzuri iko kwenye Kiitaliano. Nikachukua makala zangu za Gede na Marafa, nikazipitisha kwenye mtambo wa kutafsiri, kurasa sitini kwa usiku mmoja. Nikaomba kujiunga. Jibu likaja: maudhui hayana thamani ya kutosha. Nikadhani wamekosea, nikamwonyesha mzee mmoja Mwitaliano anayekunywa kahawa karibu na duka letu, kaishi hapa miaka mingi, Kiswahili anakijua kunipita. Akasoma mistari minne, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama yaliyoandikwa pale ni dawa ya panya.

Nimezifuta zote. Sasa naandika Kiswahili na Kiingereza changu cha shule, na nimekubaliwa. Ila mwezi huu nina dola 6. Swali: hizo pesa zinatoka lini?

#7 mchunga_jedwali

Ndugu yangu wa Malindi, pole kwa dawa ya panya.

Zikifika dola 10 unatumiwa barua yenye namba ya siri, ya karatasi, kwa posta. Anwani uliyoandika kwenye akaunti ndiyo itakayotumika, kwa hiyo hakikisha sanduku ni lako au la mtu unayemwamini, na namba ya posta iko sawa: Malindi 80200, sisi Lamu 80500. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Usipoiingiza namba hiyo ndani ya miezi minne tangu ya kwanza ilipotolewa, matangazo yanasimamishwa kwenye tovuti yako. Nenda posta, usikae kungoja uitwe.

Malipo yenyewe hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Ukifikisha mwezi huu, wanalipa mwezi unaofuata kati ya tarehe 21 na 26. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chao ni hicho cha mia. Mimi kwa dola 44 najaza kwa miezi mitatu, kisha benki nayo inakata yake ya kupokea. Msipangie kodi ya nyumba.

Jambo jingine: Oktoba hadi Desemba bei zinapanda, kampuni zinamaliza bajeti ya mwaka na watu wananunua zawadi. Januari zinakupwa. Mwaka wa kwanza niliona Januari ile nikadhani nimeharibu kitu, nikabadilisha rangi ya tovuti nzima. Hakuna nilichoharibu.

#8 Maalim_Z

Waalaykum salaam. Mimi nina lawama, na nitaisema hapa kwa sababu wewe mwenyewe umefungua mlango.

Ramadhani iliyopita nilifungua ukurasa wako wa saa za kufuturu, nimekaa na wajukuu, wa miaka saba na tisa. Juu kabisa, kabla ya neno Magharibi, mwanamke kavaa nguo ya kuogelea, na maandishi kwamba anatafuta mchumba karibu nami. Mjukuu akaniuliza, babu, huyu naye anafunga?

#9 BiMwana_Shela

Yallah maalim 🙈

#10 mchunga_jedwali

Maalim, shikamoo. Lawama naipokea, na sikuijua mpaka shangazi yangu aliponipigia siku ileile, kwa maneno makali kuliko yako.

Ni hivi. Usipochagua, mnada unakuchagulia, na mnada hauna haya. Lakini ndani ya akaunti kuna sehemu ya kufungia aina za matangazo: uchumba, picha za mwili wazi, utajiri wa haraka, mikopo, na nyinginezo. Mimi nilikuwa sijaigusa, kwa uvivu. Usiku ule nikafunga uchumba na picha za mwili. Wiki iliyofuata nikafunga na mikopo, kwa sababu ukurasa wa futari wenye tangazo la riba ni kichekesho.

Sitaki kudanganya watu: mapato yalishuka. Mikopo ya simu ni miongoni mwa wachache wanaokuja mnadani kwa msomaji wa Kiswahili, na wanalipa. Nilipowafungia nje, senti 70 kwa kurasa elfu ikawa hii 56 mnayoiona. Nimeacha hivyo. Mwingine ataamua lake, lakini aamue. Asije kusema hakujua kama mimi.

#11 BiMwana_Shela

Mdogo wangu, nimesoma yote. Mimi nina vyumba vinne Shela. Nalipa tovuti kubwa za ng'ambo kwa kila mgeni zinayeniletea, na mgeni huyohuyo kabla hajafika amesoma ukurasa wako wa boti. Kwa nini nisikulipe wewe ukaweka jina langu pale, hao wa mnada wakakaa kando? Na ukipokea pesa hizo serikali inasemaje?

#12 mchunga_jedwali

Dada, hilo ndilo nililokuwa nangoja mtu aseme.

Ninao watatu tayari. Mwenye boti ya Mokowe, fundi wa injini, na mama anayepika chakula cha safari. Kila mmoja ubao wake mdogo, shilingi 3,000 kwa mwezi, M-Pesa, mwezi ukiisha tunazungumza upya. Hiyo ni 9,000, na inapita zile dola 44 kwa watu watatu ninaowajua kwa majina. Yule wa boti ana daftari: kila abiria anayesema "nimeona kwenye jedwali" anapigiwa mstari. Mwezi wa kwanza mistari kumi na moja. Mnada haukuwahi kunionyesha mstari hata mmoja.

Ila si pesa ya kulala. Fundi wa injini nimemfuata nyumbani mara mbili kwa ajili ya malipo, mara ya pili nimerudi na samaki. Wa chakula anataka picha ibadilishwe kila wiki. AdSense haikusumbui kwa picha ya biriani.

Masharti yangu ni mawili. Ubao unaandikwa "Tangazo la kulipiwa", wazi, herufi zisomeke. Na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti yako kinawekewa alama ya kwamba kimelipiwa, maana Google wanataka hivyo. Ukiuza viungo kimyakimya wakikujua wanakushusha kwenye utafutaji, na bila utafutaji hao wageni wa Kiingereza hawanioni.

Kuhusu kodi: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni, na anayekata ni mlipaji, kuanzia Julai mwaka huo. Kwa vyovyote, kilichoingia mwaka mzima nakiandika kwenye ritani kabla ya 30 Juni, dola na shilingi zote. Kwa kesi yako ya vyumba muone mhasibu, mimi ni mtu wa maji.

#13 fundi_simu_Langoni

Kama mabao yanalipa hivyo, jaza ukurasa. Kumi juu, kumi chini.

#14 mchunga_jedwali

Nilijaribu mwaka wa pili, matangazo ya mnada saba kwenye ukurasa mmoja. Nikapanda boti ya Faza nikiwa abiria, mtandao wenyewe wa kunyata, nikafungua tovuti yangu mwenyewe kutaka kujua maji. Likaja tangazo la sabuni. Likaja la simu. Nafasi nyeupe. Jedwali likatokea tulipokuwa tumeshaiona Faza kwa macho. Bando langu limeliwa na sabuni.

Kuna kiwango kinachotumika, cha muungano unaoitwa Coalition for Better Ads: kwenye simu matangazo yakizidi asilimia 30 ya urefu wa maudhui, ni mengi mno. Na kivinjari cha Chrome tangu Februari 2018 kinaweza kuyazuia yote kwenye tovuti inayokiuka viwango hivyo. Sasa ninayo mawili ya mnada, na yanakuja baada ya jedwali. Ukifungua, unaona maji kwanza.

#15 Nahodha_Mstaafu_Bado

Nimewasikiliza muda mrefu. Mimi sijui dola wala mnada. Wewe mwenye jedwali, Jumanne ya juzi umeweka saa za Jumatatu. Nimetoka na mzigo wa saruji, maji mafu, nimefika Mkanda maji hayajatosha. Nimekaa zaidi ya saa nzima na vijana wananicheka. Miaka yote nilikuwa natazama mwezi, nimeanza kutazama simu, ona.

#16 mchunga_jedwali

Nahodha, shikamoo, na niwie radhi. Ni kweli. Nilirudia mstari mmoja nilipokuwa nanakili wiki, nikagundua saa tano asubuhi fundi wa injini aliponipigia. Maji yanachelewa kila siku, na siku za maji mafu yanachelewa zaidi, kwa hiyo saa za jana si kosa dogo.

Sasa nikwambie kitu ambacho kimenikaa kooni tangu juzi. Ukurasa ule wa Jumanne, wenye makosa, ulifunguliwa mara nyingi kuliko siku yoyote ya mwezi. Watu waliona saa hazilingani na maji waliyoyaona mbele yao, wakafungua tena, wakafungua tena. Na kila walipofungua, mnada ukalipa. Siku niliyokosea ndiyo siku jedwali lililipa zaidi. Ile mashine haijui maji, inajua kurasa.

Wale watatu wa mabao, wote walinipigia kabla ya adhuhuri. Mmoja alinitukana.

#17 Nahodha_Mstaafu_Bado

Basi pesa za Jumanne ni zangu.

#18 mchunga_jedwali

Jedwali lilileta dola moja na senti arobaini, nahodha, na hazitoki mpaka zifike mia.

Nina shauri jingine. Kila Ijumaa nikimaliza jedwali la wiki nikuletee ulisome kabla halijatoka. Wewe ulinganishe na mwezi wako. Na mimi nikuwekee ubao wa jahazi lako bure, juu kabisa, pale alipokuwa yule anayetafuta mchumba.

#19 Maalim_Z

Hapo nimeridhika.

#20 Nahodha_Mstaafu_Bado

Ubao sitaki, mzigo ninao wa kunitosha. Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa Mkunguni. Njoo na karatasi, si simu, macho yangu hayapendi kioo. Kahawa utanunua wewe.

#21 mchunga_jedwali

Na kashata?

#22 Nahodha_Mstaafu_Bado

Mbili.